Bei ya Jumamosi Moja: kisa cha mpiga picha wa harusi aliyepandisha bei mara mbili

Kisa hiki ni cha mpiga picha mmoja wa Kampala ambaye hesabu zake nimezishika tangu Mei 2023. Ameniruhusu kukiandika ili wenzake wajifunze. Jina lake, mtaa wake na familia za wateja wake nimeziondoa, na tarakimu nimezisogeza kidogo bila kuharibu uwiano wake. Nitamwita Fundi, kwa sababu ndivyo wateja wake wanavyomwita.

Usuli

Fundi ana miaka 30 na ushei. Alianza na picha za pasipoti katika studio ya mjomba wake, akaingia kwenye harusi mwaka 2014. Kwao wanaongea Kiswahili, na karibu nusu ya wateja wake ni familia za Kiislamu zinazomjua kwa jina la baba yake. Nusu nyingine ni Wakristo wanaomfikia kupitia wapambaji na washereheshaji.

Kwa siku nzima alitoza shilingi 1,200,000. Hapo yumo yeye na msaidizi mmoja, tangu bi harusi anapopambwa asubuhi mpaka keki inapokatwa usiku, picha 400 zilizohaririwa, na albamu moja. Familia ikiwa na kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi nyumbani kwa kina bi harusi, kabla ya harusi yenyewe, siku hiyo ya ziada aliiweka kwa 600,000.

Bei hiyo ilikuwa ya 2019. Mwaka 2020 sherehe zilifungwa kwa ajili ya korona, na zilipofunguliwa alishukuru kupata kazi yoyote. Mwaka 2021 aliona haya kupandisha bei kwa watu ambao bado walikuwa wanajiokota. Mwaka 2022 lita ya petroli Kampala ikavuka shilingi 6,000, vyakula vikapanda, karatasi za albamu zikapanda, naye akabaki palepale. Mwaka huo alipiga harusi 31, idadi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na Desemba alikopa kwa shemeji yake ili alipe ada za watoto za muhula uliokuwa ukija.

Kilichomshtua ni kamera. Jioni moja mtu anayetengeneza kamera aliichomeka kwenye kompyuta na kumsomea idadi ya mara ambazo shata, kile kifuniko cha ndani kinachofunguka kila picha inapopigwa, imefunguka: 143,000 na zaidi. Kamera za daraja lake hukadiriwa kufika mara 150,000. Ikipita hapo haifi siku hiyo hiyo, lakini ndiyo umri ambao mtu hapaswi kusimama nayo mbele ya kadhi akiwa hana ya akiba. Fundi hufyatua karibu picha 1,800 kwa harusi moja. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba kila harusi inakula kipande cha kamera, na kipande hicho hakuwa amemtoza mtu yeyote.

Uamuzi wa kwanza, Machi 2023

Tarehe 1 Machi 2023 aliweka tangazo kwenye stetasi ya WhatsApp: kuanzia leo, harusi ni 1,800,000. Nilipomuuliza baadaye kwa nini 1,800,000 na si 1,500,000 au 2,000,000, alinijibu kwamba mpiga picha mwingine anayemheshimu anatoza 2,500,000, kwa hiyo yeye akajipima chini kidogo. Hakuwa na hesabu nyingine.

Simu ikanyamaza. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Waliopiga walikuwa wanauliza picha za pasipoti. Tarehe 3 Aprili hofu ikamshinda, akaweka tangazo jipya: ofa, harusi milioni moja tu. Ndani ya siku kumi alipata kazi sita. Akaamini amepata jibu: soko la Kampala halibebi bei zaidi ya milioni na kitu.

Jibu hilo halikuwa sahihi, na sababu yake ipo kwenye kalenda. Mwaka 2023 Kwaresima ilianza Jumatano ya Majivu, tarehe 22 Februari, na Pasaka ikawa tarehe 9 Aprili. Ramadhani ilianza tarehe 23 Machi na kuisha karibu na tarehe 21 Aprili. Kwaresima ikiingia, makanisa mengi kwetu huwa hayafungishi ndoa. Ramadhani ikiingia, nikahi husubiri Idi, na vikao vya jioni vya harusi husimama kwa sababu watu wako kwenye futari na tarawehe. Kwa mpiga picha mwenye wateja wa pande zote mbili, Jumamosi nane mfululizo zilikuwa zimefungwa, kwa upande mmoja au kwa pande zote mbili. Yeye alipandisha bei siku ya nane ya kimya hicho, akahesabu kimya kile kama maoni ya wateja.

Na wale sita wa ofa? Nilipowafuatilia, wote walikuwa na harusi za mwisho wa Aprili na Mei. Bajeti zao zilikuwa zimepitishwa Januari, zikiwa na fungu la picha la kama 1,200,000. Wangelipa hiyo bila kelele. Fundi aliwarudishia shilingi 200,000 kila mmoja, jumla 1,200,000, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameomba.

Kikao cha kamati

Kati ya tarehe 1 Machi na 3 Aprili kulitokea jambo jingine, na ndilo lililomuumiza zaidi. Nimelisikia kwake na kwa mjumbe mmoja wa kamati, na hadithi zao zinalingana.

Kwa msomaji asiyeishi Uganda, harusi hapa hailipiwi na bwana harusi peke yake. Ndugu na marafiki huunda kamati. Kamati hukutana kila wiki, huandika bajeti mstari kwa mstari, hutoa nakala, na watu huahidi: huyu keki, huyu ng'ombe, huyu laki tatu za picha. Mweka hazina anabaki na daftari la ahadi na kazi ya kuzidai.

Fundi alikuwa amekubaliana kwa mdomo na familia moja tangu Januari, bila arbuni wala karatasi. Baba wa familia ile ni mzee wa msikiti ambaye kwa miaka mingi amemletea wateja. Wiki moja kabla ya Ramadhani, Fundi aliitwa kwenye kikao, barazani kwa mzee. Alipofikiwa yeye, akasema bei sasa ni 1,800,000.

Mweka hazina alikuwa Hajati mmoja mtu mzima. Hakupandisha sauti. Aligeuza karatasi ya bajeti imwelekee Fundi, akaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa Picha, 1,200,000.

"Mwanangu," akasema, "karatasi hii imeshafika London. Watoto wetu kule wameshagawana. Nikawaambie nini?"

Fundi akaanza kueleza habari za petroli na kamera. Mzee akamkatiza kwa upole: "Bei kupanda hatukatai. Lakini sisi tumeisoma kwenye simu ya jirani, kabla ya kuisikia kinywani mwako."

Harusi ile alipewa mpiga picha mwingine. Familia mbili nyingine za msikiti ule zilimfuata mzee.

Hesabu ambayo haikuwa imefanywa

Alipokuja kwangu Mei, swali lake lilikuwa: nirudi 1,200,000 moja kwa moja? Nilimwomba kwanza tuihesabu harusi moja ya 2022, kwa risiti na kwa kumbukumbu, shilingi kwa shilingi.

Msaidizi, 200,000. Usafiri wa watu wawili na mizigo, 110,000. Albamu na uchapaji, 260,000. Intaneti na flashi ya kumkabidhi mteja, 40,000. Chakula na muda wa maongezi, 20,000. Jumla 630,000 zinazotoka kila anapokubali kazi.

Kisha zile zinazotoka hata akilala. Kodi ya chumba na umeme, 530,000 kwa mwezi, sawa na 6,360,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa harusi 31 ni karibu 205,000. Vifaa vyake, kamera mbili, lenzi na taa, thamani yake ni kama 18,000,000. Lenzi hukaa miaka mingi, mwili wa kamera haukai, kwa hiyo tulikubaliana wastani wa miaka mitano: 3,600,000 kwa mwaka, karibu 116,000 kwa harusi. Yupo atakayesema kodi ya chumba isibebwe na harusi peke yake, kwa kuwa picha za pasipoti nazo zinapigwa humo. Ni hoja ya haki. Lakini Fundi mwenyewe alikiri kwamba bila harusi angefanya pasipoti chini ya mwavuli kando ya barabara, kama alivyoanza mjomba wake.

Jumla 951,000. Kinachobaki kwenye 1,200,000 ni 249,000.

Halafu tukahesabu saa, na hapo akanyamaza. Kukutana na familia, saa 3. Siku yenyewe, 14. Kuchagua na kuhariri, 22, nyingi zikiwa usiku. Kupanga albamu, 6. Kudai salio, simu na safari, 3. Saa 48 kwa harusi moja. Gawanya 249,000 kwa 48, unapata shilingi 5,200 hivi kwa saa. Msaidizi wake, anayeondoka keki ikikatwa na kulala usingizi wake, alikuwa anapata zaidi ya 14,000 kwa saa.

Bado madeni. Kati ya harusi 31, tisa hazikumalizwa kulipwa. Jumla ya salio lililopotea ilikuwa 4,150,000. Faida ya mwaka mzima kwa hesabu yetu ilikuwa 7,719,000. Maana yake zaidi ya nusu ya jasho lake lilibaki kwa watu. Na hao watu si wezi. Kamati ikishamaliza harusi haikutani tena. Mweka hazina anabaki na ahadi ambazo hazikutimizwa, hana kikao cha kuzidai, na anayelipwa mwisho ni mpiga picha, kwa kuwa albamu yake haijatoka bado.

Pale nilimwambia kwamba bei ni sehemu tu ya ugonjwa. Angetoza 1,800,000 kwa utaratibu ule ule, angekuwa na madeni makubwa zaidi kwa watu wachache zaidi.

Uamuzi wa pili, Julai 2023

Bei mpya ikawa 1,700,000 kwa siku nzima. Safari hii ilitokana na hesabu: gharama zake, malipo ya msaidizi yaliyopanda hadi 250,000, na sharti kwamba asipige zaidi ya siku 24 kamili kwa mwaka, kwa sababu mke wake alisema wazi kwamba mwaka wa harusi 31 watoto hawakumwona baba yao wikendi.

Bei iliwekwa kwenye karatasi yenye tarehe, ikisema inadumu siku 90. Kipengele hiki kilitoka kwa Hajati, ingawa hakukusudia kutufundisha. Kamati inahitaji tarakimu isiyotikisika kati ya kikao cha bajeti na siku ya arbuni. Waliokuwa wamekubaliana naye kabla ya Julai, hata kwa mdomo, walibaki kwenye bei ya zamani. Hapo sikukubali mjadala.

Malipo yakagawanywa: nusu ni arbuni ya kufunga tarehe, asilimia 40 wiki moja kabla ya harusi, kamati ingali hai na vikao vinaendelea, na asilimia 10 wakati wa kuchukua albamu. Fundi aliogopa hili kuliko bei yenyewe. Alisema wazee wataona hawaaminiki. Tukakubaliana alieleze kama lilivyo: albamu inalipiwa kwa mchapaji kabla ya kutengenezwa. Ni kweli, na watu walilielewa.

Aliongeza huduma ndogo kwa wenye nikahi ya nyumbani au msikitini isiyo na tafrija kubwa: saa tano, yeye peke yake, hakuna albamu, 900,000, Ijumaa au Jumapili tu. Gharama yake ya moja kwa moja ni 130,000 na inamchukua saa 18. Jumamosi haiuzwi kwa nusu siku.

Kwa ndugu na watu wa haki ya pekee, aliandika majina kwenye daftari: wasizidi wanne kwa mwaka, kwa bei ya zamani. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa ndugu.

La mwisho lilikuwa la kwenda kwa miguu. Alimchukua mjomba wake wakaenda kwa mzee wa msikiti, baada ya Ijumaa, na sukari na majani ya chai. Hakuomba kazi. Aliomba radhi kwa namna bei ilivyotangazwa, akamweleza mwenyewe bei mpya na sababu zake. Mzee alimsikiliza, akasema yamekwisha. Mpaka leo familia ile haijampa kazi, ingawa mzee ameshamtuma kwake kijana mmoja.

Matokeo ya miezi 12

Kati ya Julai 2023 na Juni 2024 alipiga siku kamili 22, nne kati yake zikiwa za bei ya zamani, na nusu siku 11. Baada ya gharama za moja kwa moja zilibaki 28,910,000. Toa kodi, umeme na uchakavu wa vifaa, 9,960,000, inabaki 18,950,000. Saa zake zilishuka kutoka 1,488 hadi 1,254, na saa moja sasa ni karibu shilingi 15,100. Msaidizi bado anampita kwa saa, kwa siku ile. Fundi haoni shida. Anasema msaidizi mzuri ndiye aliyempa nafasi ya kubaki na mama wa bi harusi wakati wa kuaga. Salio lililopotea mwaka mzima lilikuwa la mtu mmoja, 170,000.

Mwaka 2024 kimya kilirudi. Kwaresima ilianza tarehe 14 Februari na Idi ikawa karibu na tarehe 10 Aprili. Safari hii ilikuwa imeandikwa ukutani tangu Novemba. Alizitumia wiki zile kupiga picha za shule, kukaguza kamera na kumaliza albamu za Desemba. Hakugusa bei.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni asilimia 40 ya wiki moja kabla. Fundi mwenyewe anasema ni bei. Nimemwonyesha tarakimu mara mbili na bado tunabishana. Ninachosimamia ni hiki: hata kama angebaki 1,200,000 na harusi zile zile 31, kukusanya salio kungemwongezea zaidi ya milioni nne bila kupoteza mteja hata mmoja. Mpiga picha anayefikiria kupandisha bei aanze na daftari la madeni, kwa sababu huko kuna fedha ambazo ameshazifanyia kazi.

La pili ni kufungamanisha bei na namna kamati inavyoishi. Wengi wetu tunapanga bei kana kwamba mteja ni mtu mmoja mwenye pochi. Hapa mteja ni kikao. Kikao hakiudhiki na bei kubwa kama kinavyoudhika na bei inayobadilika baada ya nakala kugawiwa, kwa sababu mweka hazina ndiye anayeaibika mbele ya watu.

Ofa ya Aprili ndiyo kosa lililoishi muda mrefu kuliko yote. Wajumbe wa kamati hizi ni wale wale. Anayekaa kwenye kamati ya mpwa wake Mei anakaa ya jirani Septemba. Miezi mitano baadaye mjumbe mmoja alimtolea Fundi risiti ya 1,000,000 kikaoni na kumuuliza kwa nini wao walipe 1,700,000. Alipoteza kazi ile. Mpaka mwisho wa mwaka alikuwa bado anaulizwa habari ya milioni moja.

Kuna jambo ambalo mimi nililikosea. Nilimshauri aweke siku ya kwanjula kwa 1,100,000, nikitazama gharama tu. Familia tatu zikachukua mpiga picha mwingine kwa kwanjula, na mbili kati yake zikampa huyo huyo na harusi. Kwanjula ndipo mashangazi wanapomzoea mpiga picha, wanapojua kama anawaambia watu wakae vizuri kwa adabu au anawasukuma. Tukairudisha hadi 850,000 kwa anayefunga siku zote mbili pamoja, na tangu hapo hakuna aliyezitenganisha.

Tangu Julai Fundi anaandika kila anayeuliza, na sababu ya aliyekataa. Walioandikwa kwa mwaka ni 58. Waliokubali ni 33. Kati ya 25 waliokwenda, tisa walisema bei. Waliobaki tarehe zao zilikuwa zimeshachukuliwa, au walimtaka mtu wa video na picha pamoja, au hawakupiga tena. Juni alipofunga daftari aliniuliza kama tisa kati ya 58 ni dalili ya kupanda tena. Nimemjibu kwamba wenye tarehe zilizochukuliwa wananishughulisha zaidi kuliko hao tisa, na nimemwomba kwa mwaka unaofuata aandike pia ni Jumamosi zipi walizozitaka.